Mtungi wa kuzamia si wa kuazimana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mitungi ya kuzamia, ambayo siku hizi vijana wa pwani yetu wanaazimana kama wanavyoazimana baiskeli. Bahari ikitulia na maji yakawa maangavu, huku kwetu kaskazini mwa Unguja humkosi kijana aliyepewa mtungi na rafiki yake, akaoneshwa pa kung'ata na pa kufungulia, akaambiwa mengine atayajua humo humo majini. Mtoto wa jirani yangu alifundishwa hivyo. Alipanda kwa pupa kutoka chini alikokuwa akitafuta majongoo bahari, na mpaka leo anatembelea mkongojo.

Wengi wa vijana hawa ni wapiga mbizi hodari, na hapo ndipo penye hatari. Sisi tuliokua tukizamia pweza na makome tumezoea kubana pumzi tangu utotoni, na kwa anayezamia kwa pumzi yake jambo hilo halipasui mapafu, kwa kuwa hewa aliyoshuka nayo ndiyo atakayopanda nayo. Anayepumua kutoka mtungini hali yake ni nyingine kabisa. Akiwa mita 10 chini, mgandamizo unaomzunguka ni mara mbili ya ule wa juu ya maji, na kipumulio humpa hewa yenye mgandamizo huo huo. Akiibana kifuani na kupanda nayo, hewa hiyo hutaka kutanuka mara mbili kabla hajafika juu, na mapafu hayawezi kuihimili. Hata kwenye kina cha mita moja na nusu, ambako mtu mzima husimama, mapafu yaliyojazwa na kubanwa yanaweza kupasuka wakati wa kupanda. Kwa hiyo jambo la kwanza analofundishwa mwanafunzi, kabla hajalowa, ni kutobana pumzi kamwe.

Linalofuata ni mwendo wa kupanda. Naitrojeni iliyomo katika hewa huzidi kupenya damuni na katika nyama za mwili kadiri mtu anavyokaa chini, na akipanda haraka hugeuka mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, yakaleta maumivu ya viungo, ganzi na kupooza. Ndiyo sababu wakufunzi wengi huhimiza mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Aliyepatwa anahitaji oksijeni safi mara moja na chemba ya mgandamizo, yaani chumba maalumu cha kumrudishia mgandamizo kama wa chini ya maji na kuupunguza polepole. Kumkanda miguu kwa maji ya moto, kama alivyofanyiwa yule kijana kutwa nzima, ni kumpotezea muda.

Kuhusu vifaa, kasoro nyingi huonekana kwa macho. Miwani lazima ifunike pua, kwa sababu mzamiaji hupuliza hewa kwa pua inapoanza kumbana macho. Jaketi la kuelea likaguliwe kama linashika hewa, na mkanda wa uzito, wenye vipande vya madini ya risasi vya kumsaidia mtu kushuka, ufungwe namna ya kufunguka kwa mkono mmoja. Geji ya mtungi uliojaa, inayopima mgandamizo wa hewa iliyomo, husoma takriban bar 200, na mzamiaji anatakiwa awe juu ya maji kabla haijashuka chini ya 50. Kisichoonekana ni hewa yenyewe: kompresa, yaani mashine ya kujazia mitungi, inayovuta hewa karibu na ekzosi ya injini huingiza mtungini kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumzimisha mtu akiwa chini. Hewa ikiwa na ladha ya mafuta, asishuke mtu.

Nawaomba wenye mitungi na kompresa wasimjazie wala kumwazima mtu asiye na cheti. Mafunzo ya awali huchukua siku tatu au nne, na humruhusu mtu kushuka hadi mita 18 akiwa na mwenzake. Najua ada yake ni kubwa kwa kijana wa kijijini, na kwa hilo nawaomba wenye vituo vya kuzamia, wanaopata riziki katika bahari hiyo hiyo, watenge japo nafasi chache kila mwaka kwa vijana wa vijiji vinavyowazunguka.

Msomaji wako,
Nungwi, Unguja