Taa kali za kujishusha zijaribiwe usiku kabla gari halijakabidhiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu, pamoja na wenye magari, kuhusu kazi ambayo siku hizi tunaombwa mara kwa mara, nayo ni kuingia kwenye kompyuta ya gari na kuwezesha taa kali zijiwashe na kujishusha zenyewe usiku. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Morogoro. Kazi hii naifanya na naipenda, na nisingependa ipate jina baya kwa sababu ya haraka zetu.

Kwa wasioifahamu, yapo magari ya Ulaya, yakiwamo ya Volkswagen na Audi, yaliyotoka kiwandani na kamera nyuma ya kioo cha mbele, pale juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma, iliyowekwa kwa ajili ya kusoma mistari ya barabara, lakini mnunuzi wa kwanza hakulipia huduma ya taa. Macho yapo, ruhusa ndiyo haipo. Fundi huchomeka mashine kwenye plagi ya kupimia iliyo chini ya dashibodi, huingia kwenye kontroli boksi ya taa, yaani kompyuta ndogo inayoziamuru taa, ile ambayo kwa magari ya Volkswagen huonekana kama namba 09, kisha kwenye ile ya kamera, na kubadilisha tarakimu chache ili boksi hizo mbili zianze kuelewana. Kuanzia hapo kamera ikiona taa za gari linalokuja, au taa nyekundu za gari lililotangulia, huamuru taa zishuke, na njia ikiwa tupu huzipandisha tena. Wenye Toyota zenye kifurushi cha Toyota Safety Sense, kilichoanza Japani mwaka 2015, wengi wao hawahitaji kazi hii hata kidogo, kwa kuwa uwezo huo tayari wanao na kilichobaki ni kuonyeshwa swichi ilipo.

Kazi yenyewe haimalizi nusu saa, na hapo ndipo tunapokosea. Mwaka huu mteja mmoja aliniletea Volkswagen Golf iliyofanyiwa kazi hiyo kwenye gereji nyingine, akilalamika kwamba kila anaposafiri usiku malori humpigia taa na honi. Kule alikotoka aliambiwa kuwa programu imeligomea gari, hivyo avumilie au aifute. Nilipima kwa mashine, sikuona kosa lolote. Jioni tukatoka pamoja, tukashika barabara ya Iringa, na tulipopita Sangasanga nikajionea mwenyewe: basi lililotokea mbele yetu kwenye mnyooko lilishatupigia taa mara mbili kabla taa zetu hazijashuka. Tuliporudi nilimulika kile kioo kwa tochi nikiwa nje. Juu ya kioo kulikuwa na ukanda mweusi wa tinti wenye maandishi, wa kukinga jua, na ukingo wake ulikuwa umefunika karibu nusu ya kidirisha cha kamera. Nikauchuna kwa wembe, nikasafisha gundi kwa spiriti, tukarudi barabarani usiku uleule. Taa zikawa zinashuka gari la mbele likiwa bado mbali, kabla dereva wake hajapata sababu ya kulalamika.

Hakuna mashine ambayo ingeonyesha ukanda ule, na mchana usingeonekana kuwa ni tatizo. Kwa hiyo ninasema kwa msisitizo kwamba fundi anayewezesha taa hizi bila kutoka na gari usiku hajamaliza kazi. Mengine ni ya kawaida, ingawa nayo yanapuuzwa: kuhakikisha kamera ipo kweli na kioo hakijabadilishwa bila kamera kupangwa upya, kupima mwelekeo wa taa zenyewe, kuunga chaja ili betri isishuke katikati ya kazi, na kuhifadhi kodi ya zamani, yaani tarakimu zilivyokuwa mwanzo, kabla ya kugusa yoyote. Gari la mteja yule halikuwa na kumbukumbu ya kodi ya awali, na kama lingehitaji kurudishwa lilivyokuwa, ningeanza kubahatisha.

Mwenye gari naye aambiwe ukweli wote. Kamera hutafuta mwanga. Baiskeli isiyo na taa haitaiona, mtembea kwa miguu ubavuni mwa barabara haitamwona, na lori ambalo taa zake za nyuma zimejaa tope linaweza kuipita machoni. Kwenye mlima, gari linapochomoza ghafla upande wa pili, kamera huchelewa kama dereva anavyochelewa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde, na dereva aliyepigwa na taa kali machoni huendesha mita hizo bila kuona kitu. Mkono usiondoke karibu na swichi ya taa kwa sababu tu kuna kamera.

Pamoja na hayo yote nawashauri watu waiwezeshe pale kifaa kinapokuwapo, kwa sababu nimeona madereva wengi wanaoacha taa kali zikiwaka kutoka Mikumi hadi Morogoro kwa kuchoka tu kupandisha na kushusha, na wengine wanaotembea na taa ndogo safari nzima na kumwona tembo akiwa ameshafika kwenye lami. Kamera iliyowekwa sawasawa inawasaidia wote wawili.

Mteja anayekabidhiwa gari lake saa nane mchana na kuambiwa kwamba taa ziko tayari ana haki ya kusema atarudi jioni, wapande yeye na fundi, wakutane na magari mawili matatu barabarani, ndipo alipe.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi umeme wa magari,
Morogoro.