Anayeijua sumu ya shambani ataijua na sarini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie hoja ya kuwaandaa watumishi wa afya kukabiliana na ugaidi wa kutumia kemikali na vimelea. Kila linapotajwa jambo hili, watu hufikiria mavazi maalumu na mitambo ya mamilioni, kisha mjadala hufa kwa kukosa fungu. Nimekuwa afisa tabibu katika ukanda wa pamba kwa miaka mingi, nami naona tunapaswa kuanzia karibu zaidi.

Sarini, sumu iliyoachiwa ndani ya treni za chini ya ardhi jijini Tokyo tarehe 20 Machi 1995, ni ndugu wa viuatilifu vya oganofosfeti ambavyo wakulima wetu huvibeba mgongoni kwa bomba la kupulizia. Zote huzuia kimeng'enya kilekile kinachotuliza neva, na ndiyo maana dalili hufanana: mboni za macho husinyaa kama ncha ya sindano, mate na jasho humtoka mgonjwa bila kikomo, kifua hujaa majimaji, misuli hutetemeka, naye hutapika na kuharisha. Dawa ya kwanza pia ni ileile, atropini. Mganga wa zahanati anayeweza kumtambua kijana aliyepuliza dawa bila kinga amekwisha kujifunza sehemu kubwa ya somo la sarini.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hatumtambui. Nakumbuka kijana aliyeletwa jioni akiwa amechanganyikiwa na anatapika, tukamwanzishia kwinini kwa kudhani ni malaria kali, hadi muuguzi aliyemvua shati alipolalamika kwamba kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Shati lilikuwa limelowa dawa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza mgonjwa ameshinda wapi siku ile. Kijana alipona, lakini kwa atropini tuliyoiazima kituo cha jirani usiku wa manane.

Wajapani, pamoja na utajiri wao, nao walikwama hapohapo. Hospitali ya St. Luke's jijini Tokyo ilipokea watu 640 siku ya shambulio lile, wengi wakifika kwa miguu au kwa teksi, na ilikuwa imeelezwa kwanza kwamba sumu ni asetonitrili, kemikali ya viwandani. Habari ya sarini waliipata kwenye televisheni karibu saa tano asubuhi, takriban muda wa saa tatu baada ya shambulio. Kufikia hapo wagonjwa walikwisha kuingizwa ndani na nguo zao, wengine wakilazwa katika kanisa la hospitali lisilopitisha hewa vizuri. Baadaye watumishi 110, karibu robo ya waliohojiwa, walieleza kuwa nao walipata dalili. Kumvua mgonjwa nguo nje ya mlango, kuzifunga ndani ya mfuko na kumwosha kwa maji na sabuni huondoa sehemu kubwa ya sumu iliyo juu ya mwili.

Kuhusu vimelea, kimeta tunacho tayari kwenye mifugo yetu, na kidonda cheusi kisichouma wafugaji wanakijua kuliko baadhi ya wahitimu wetu. Barua zilizotiwa vimelea vya kimeta na kutumwa Marekani mwaka 2001 ziliwaambukiza watu 22, watano wakafa. Anayejua kimeta cha kawaida ndiye atakayeshtuka akikiona kwa mtu ambaye hajagusa ng'ombe.

Ninaloomba kwa waganga wakuu wa wilaya ni atropini ya kutosha katika vituo vinavyohudumia wakulima, kwani mgonjwa mmoja aliyezidiwa anaweza kuhitaji makumi ya vichupa, na watumishi wafundishwe kuendelea kuichoma hadi kifua kikauke, wasikome kwa sababu tu mboni zimepanuka. Zoezi la nusu siku kabla ya msimu wa kupulizia, likifanyika uani pa zahanati yenyewe, litahitaji ndoo, sabuni, mifuko na chai ya washiriki.

Afisa tabibu mstaafu,
Mwanza