Watoto wapime, wasikariri tu

Mhariri,

Mwanangu yuko darasa la sita hapa Busia, upande wa Uganda. Juzi alinitajia jedwali zima la vipimo, kutoka kilomita hadi milimita, bila kukwama. Nikamuuliza meza yetu ina urefu gani. Akaitazama, akasema mita kumi! Meza yenyewe haifiki mbili.

Simlaumu. Amefundishwa kusogeza nukta ya desimali kulia na kushoto, lakini mizani hajaishika darasani hata siku moja. Na nukta hiyo huwaponza wengi kwenye eneo: kwa kuwa sentimita 100 ni mita 1, wanadhani sentimita za mraba 100 ni mita ya mraba 1. Kumbe ni 10,000.

Vifaa si lazima vitoke maabara. Jerikani ya lita 20 ipo karibu kila nyumba, na maji yake yana uzito wa kilo 20 hivi. Mtoto anayeyabeba kutoka kisimani anaujua uzito huo kwa shingo yake. Tumpeko, yaani kikombe kikubwa, ya nusu lita ni mililita 500. Mwalimu awaache wakisie kwanza, ndipo wapime na kuandika wamekosea kwa kiasi gani.

Mimi ni fundi cherehani. Nakiri sisi tumezoea inchi, lakini utepe wangu una sentimita upande wa pili, na inchi 1 ni sentimita 2.54. Niko tayari kuuazima shuleni, ilimradi urudi kabla ya jioni.

Mzazi,
Busia, Uganda