Barua kwa mwanangu anayekwenda Kilwa kuchora

Mwanangu,

Mama yako kaniambia umeshakata tiketi ya basi la Kilwa, na kwamba unaondokea Mbagala Rangi Tatu Jumamosi alfajiri. Nimefurahi. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu unasema "sawa baba" kabla sijamaliza.

Omba ruhusa kwanza, ndipo uchore. Hilo ndilo langu, mengine yote ni nyongeza.

Unajiona hubebi kamera, kwa hiyo hakuna wa kukuuliza. Askari hapimi hivyo, mama. Mpiga picha anabonyeza na kwenda zake. Wewe utakaa saa nzima mahali pamoja, macho juu, macho chini, unaandika kitu ambacho yeye hakioni. Huyo ndiye anayemtilia shaka. Mkivuka daraja la Mkapa pale Rufiji, utazame mto ushibe, kisha uuchore mbele ya safari kwa kumbukumbu. Bandari, kambi, kituo cha polisi, hata ukuta wake uwe umepigwa jua namna gani, pita. Edward Tingatinga alitoka kwetu Tunduru akaja hapa Dar kuchora kwa rangi za baiskeli, na mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliodhani gari alilokuwamo ni la wezi. Najua utanijibu kwamba hakuwa anachora saa ile. Lakini alidhaniwa mtu mwingine, na huko kudhaniwa ndiko kunakoninyima usingizi.

Kilwa Kisiwani ni hivyo hivyo. Kibali kinakatwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti. Usimsikilize nahodha atakayekwambia mtakata mkirudi. Tena kisiwa kile si magofu matupu, kuna watu wanaishi. Usimchore mama anayechota maji wala mzee anayeswali kwa sababu tu mwanga umekaa vizuri. Nenda umwamkie, ukae, umfungulie daftari tangu ukurasa wa kwanza aone unachofanya. Akikataa, lifunge. Bibi yako hakuulizwa ulipomchora amelala barazani. Mchoro ule unaipita kwa mbali kila picha yake tuliyo nayo humu ndani, nami naujivunia, lakini mpaka leo hajafurahi, na ana haki.

Kwenye karatasi niache niseme, maana nimezeekea kiwandani kwenye uchapaji. Lile daftari ulilonunua Kariakoo ni la gramu 80 kwa mita ya mraba, karatasi ya kuandikia hesabu. Ukiiloweka inajikunja na kuchubuka. Rangi ya maji inataka gramu 300, na ikiwa ya pamba ni bora zaidi. Nimekuwekea moja kwenye mkoba wa kijani, usilihifadhi kwa kulionea huruma, litumie. Hewa ya pwani ina unyevu: ukurasa ambao Dodoma ungekauka upesi, Kilwa utabaki mbichi, na ukiufunga mapema kurasa zitagandana, baadaye ziote ukungu. Tiketi na vipande vya khanga vibandike usiku, rangi ikishakauka kabisa. Wino nao ujaribu: piga mstari, usubiri, upitishe kidole chenye maji. Ukichuruzika, wino huo uutumie mwisho, juu ya rangi.

Kule Kisiwani, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, lile jumba la kale la sultani, vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Usihangaike na kila tundu. Sugua kipande cha mshumaa penye weupe, pitisha rangi nyepesi ya udongo juu yake, na ikiwa bado mbichi nyunyiza chumvi; itanyonya maji na kuacha madoa yenye ukwaru wa jiwe lenyewe. Mbinu hiyo unaijua, ila chumvi huwa unazidisha. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule, nasi tumebaki na maneno yake bila sura ya mtaa hata mmoja aliopita. Kwa hiyo chora mengi, hata yale unayoyaona ya kawaida: mlango, jahazi, bei zilizoandikwa kwa chaki. Tarehe uandike kila ukurasa. Huandiki, na nimeshakwambia.

Tangi la maji linavuja tena kwa chini, fundi kasema libadilishwe, nami nadhani linazibika. Kaka yako hajaleta pesa ya umeme. Mpangaji wa chumba cha mbele amelipa, na pesa hiyo nimemtumia mama yako mdogo kule Masoko kwa simu, akupe ya boti na ya kibali. Si ya rangi. Nimemwomba akusindikize ofisini, aingie nawe, akae mpaka karatasi ipigwe muhuri. Utasema wewe ni mtu mzima. Mwache akusindikize.

Baba yako