Tuliolipia mabanda ya Nanenane nasi tufikiriwe

Ndugu Mhariri,

Kila Agosti, maonesho ya wakulima yanapokaribia kilele chake tarehe 8, sisi wauza asali hulipia banda, leseni na ushuru, kisha huwakuta wasiolipa chochote wamepanga bidhaa zilezile nje ya lango, ambako mteja hupita kwanza na bei ni ya chini kwa kuwa haijabeba gharama ya banda. Sisemi wafukuzwe, maana wengine tulianza nao kutembeza chupa mitaani, na vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vya Sh20,000 vilivyoanza kutolewa mwaka 2018 vilionyesha kwamba hata mmachinga anaweza kutozwa kiasi anachokimudu. Waandaaji wawatengee eneo la bei nafuu ndani ya uwanja, na lango libaki njia.

Muuza asali,
Singida