Mliyemwandika si mkulima wa Usangu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu enzi zile likifika Chimala likiwa limeshachelewa siku mbili, na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ni ile habari mliyoipa ukurasa mzima, yenye ramani ya rangirangi, iliyosema wataalamu sasa wana modeli za kompyuta zinazoonyesha wakulima na wafugaji wa bonde letu la Usangu wataamua nini juu ya ardhi na maji yao miaka ishirini ijayo. Mwandishi wenu alieleza vizuri namna zinavyofanya kazi. Kila kaya inatengenezewa mtu wake ndani ya kompyuta, anapewa ekari zake, idadi ya watoto na umbali wa kwenda sokoni, kisha kila msimu anapiga hesabu na kuchagua zao linalolipa zaidi. Wengine wanaongezewa kanuni ya kumwiga jirani aliyevuna vizuri. Kaya elfu kadhaa zikichagua hivyo msimu hadi msimu, ramani inabadilika rangi, na mpangaji anajua wapi pafungwe na nani ahamishwe.

Sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni juu ya huyo mtu aliyewekwa ndani yake. Mimi nalima mpunga Mbarali, humo humo bondeni, nimewahi kuwa katibu wa chama cha umwagiliaji, na huyo mtu simfahamu.

Mwaka jana alinijia binti mmoja mdadisi, mpole kabisa, ana kishikwambi mkononi. Nilikuwa nimetoka kung'olea majani, tope bado limenifika magotini. Akaniuliza: "Baba, maji ya mfereji yakipungua nusu, utafanya nini?" Majibu yalikuwa yameshaandikwa: kupunguza eneo, kubadili zao, kupanda mbegu ya muda mfupi, kuacha kulima. Nikamwambia kwanza nitampigia simu shemeji yangu, ambaye majaruba yake, yaani vipande vyake vya shamba la mpunga, yako karibu na banio, pale mfereji unapochukua maji mtoni, nimuulize kama watu wa juu wamemaliza kupandikiza. Kama hawajamaliza, nitachukua wanangu twende tukawasaidie wamalize, maana wakimaliza wao ndipo maji yanashuka kwetu. Na kama miche yangu itakuwa imeshazeeka kitaluni, nitaomba kwa aliyebakiza, naye mwakani ataomba kwangu. Binti akasikiliza mpaka mwisho, akatazama kioo, akasema, "Samahani baba, hilo halimo." Akabonyeza "Mengineyo". Nikamuuliza kwenye hayo mengineyo ataandika nini. Akaniambia hakuna nafasi ya kuandika.

Mhariri, huko kwenye mengineyo ndiko tunakoishi. Nani aliyewaambia kwamba mtu wa Usangu anaamua peke yake, amekaa kitako na kikokotoo? Maji ya mwezi wa kwanza na wa pili hupitia zamu, na zamu nyingi za watu wa chini huangukia usiku. Usiku maji hayaachwi yenyewe: ukienda kulala, kuna mtu atayageuza, asubuhi unakuta jaruba limepasuka. Kwa hiyo wanaume hulala mferejini na tochi na koti. Sasa mchukueni mjane mwenye ekari mbili na watoto wadogo. Hawezi kulala mferejini. Anachelewa kupandikiza, mpunga wake unachanua maji yakiwa yamekwisha, na baada ya misimu michache ya hasara anakodisha shamba kwa mtu mwenye pawatila, yaani trekta dogo la mkono, na kibarua wa usiku. Kwenye takwimu zenu ataonekana ni kaya iliyopenda fedha taslimu kuliko kulima. Mchukueni kijana anayelima shamba la kukodi, ambaye hana hakika kama mwakani mwenye shamba atampa tena. Hasawazishi jaruba, haimarishi kingo, hapandi mti hata mmoja. Mtaandika kwamba hana elimu ya hifadhi. Mchukueni baba aliyeuza mpunga ungali kijani shambani ili mtoto aende shule, na sasa anadaiwa magunia. Huyo atalima mpunga hata bei ya mahindi ikipanda mara mbili, maana deni lake ni la mpunga. Kompyuta itasema hana akili ya biashara. Watu hawa wote watatu wana akili timamu, wamepima mambo ambayo hamkuwauliza, na mkiwapaka rangi moja kwenye ramani mnawadhulumu.

Wala hili si jambo jipya hata kwa wasomi wenyewe. Mwaka 1968 Garrett Hardin, Mmarekani, aliandika juu ya wafugaji wa malisho ya pamoja, kila mmoja akiongeza ng'ombe mpaka nyasi zinakwisha. Wafugaji wale walikuwa wa kufikirika, hawasemezani, hawana wazee, hawana mkutano. Hata hivyo hoja hiyo ilitembea duniani ikitumika kuwanyang'anya watu malisho yao. Elinor Ostrom yeye alichunguza watu walio hai, wakiwamo wakulima wa mifereji ya Nepal, akakuta wengi wametunga taratibu zao za zamu, za ulinzi na za faini, na mifereji iliyoendeshwa na wakulima ilifanya kazi vizuri kuliko mingi iliyojengwa na kusimamiwa na serikali. Alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Na kabla yake, mwaka 1978, tuzo hiyo alikuwa ameipata Herbert Simon, aliyesema kwamba binadamu hatafuti kilicho bora kuliko vyote, akipata kinachomtosha anaacha kutafuta. Mwanangu aliyesoma Chuo Kikuu cha Sokoine ndiye alinieleza haya. Sasa kama yanajulikana, kwa nini anayeletwa Mbarali ni yule yule mtu wa hesabu ya faida?

Inawezekana kufanya vizuri zaidi, na mimi nimeona. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Usangu pamoja na Sokoine walileta ubao mrefu wa mteremko, katikati umechongwa mto, pembeni mifereji. Gololi ndiyo maji, vijiti ndiyo mabanio. Tuliitwa watu wa juu na watu wa chini, tukapewa vijiti tuweke wenyewe. Mara ya kwanza watu wa juu walizoa gololi karibu zote, vishimo vya chini vikabaki vitupu. Kukawa kimya, kisha kelele. Mama mmoja wa kijiji cha chini akainuka, akachomoa kijiti cha jirani yake wa juu, akakivunja katikati, akakirudisha palepale mbele ya macho ya mwenyewe. Mjadala wa zamu uliofuata ulidumu mpaka jioni. Na kule Bonde la Mto Senegal watafiti wa Kifaransa waliotengeneza modeli ya umwagiliaji waliigeuza kuwa mchezo, wakulima wakaucheza ili waone kilichomo ndani na wakikosoe. Hizo ni modeli pia. Tofauti ni kwamba mtu aliyetajwa ndani alikuwapo chumbani na alikuwa na haki ya kusema, "Mimi sifanyi hivyo."

Msiseme nalalamikia michoro tu. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Usangu, ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, na tangu hapo hesabu iliyokuwa vichwani mwa wakubwa ilikuwa nyepesi: mkulima na mfugaji wa Usangu wanamaliza maji, ndiyo maana bwawa la umeme la Mtera halina maji na taa zinazimika. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa kwenye ardhi oevu ya Ihefu na mifugo yao, wengi wakielekezwa Lindi na Rufiji, majirani ambao tulikuwa tukiwauzia pumba na wao wakitupa maksai. Wakaondoka, na mto ukaendelea kukauka. Na watafiti walikuwa wameshaandika mapema kwamba bwawa la Mtera halijazwi na maji ya kiangazi, linajazwa na mafuriko ya masika, na mito ya Ruaha Mdogo na Kizigo nayo inamwaga humo. Hesabu ile ilikuwa na mtu wa kufikirika ndani yake, lakini waliopakia vitanda vyao kwenye malori walikuwa watu kweli.

Na hapohapo niseme la mipango ya matumizi ya ardhi, maana ni ndugu yake. Sheria Na. 6 ya mwaka 2007 inataka vijiji vishirikishwe. Kwetu waliletwa wapimaji, tukakaa, tukakubaliana, ramani ikachorwa na bango likasimamishwa barabarani. Leo mahali palipopakwa kijani kuwa malisho pana majaruba, na ukiuliza nani alibadilisha, kila ofisi inakuelekeza nyingine. Juu yake likaja Tangazo la Serikali Na. 28 la mwaka 2008 la kupanua Hifadhi ya Ruaha, na watu wa vijiji kadhaa walilima miaka mingi bila kujua kama wako ndani au nje. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa na shamba anaamuaje? Hilo nalo liko kwenye modeli? Kama haliko, basi jambo kubwa kuliko yote katika maamuzi ya ardhi ya Mbarali limeachwa nje, na kilichobaki ni bei ya gunia.

Ninachotaka ni hiki. Kila modeli inayodai kujua tutakavyoamua iandikiwe kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, dhana zake zote: mkulima anachukuliwa anataka nini, anajua nini, anamsikiliza nani, anaogopa nini. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, pale pale panapobandikwa mapato na matumizi, ikae msimu mzima kuanzia kitalu hadi mavuno. Kisha isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, watu waseme ipi kweli na ipi si kweli, na muhtasari wa mkutano uambatanishwe na ripoti kabla haijafika wizarani au mezani kwako. Na wewe Mhariri, mwezi wa pili mwakani mtume mwandishi wako alale mferejini na mgawa maji wetu, aje na koti zito. Mahali pa kula nitampa mimi.

Mkulima wa mpunga,
Mbarali, Mbeya