Kivuli kiwe sehemu ya mipango ya Kisumu

Mhariri,

Miti inapokatwa kandokando ya barabara za Kisumu ili kupanua njia za magari, wengi huona kwamba mji umepoteza urembo tu, ilhali umepoteza kinga ya joto. Lami, saruji na mabati hufyonza jua mchana kutwa na kuliachilia joto hilo polepole usiku, ndiyo maana katikati ya mji huendelea kufukuta wakati mashamba ya pembezoni yameshapoa. Mti hukinga ardhi dhidi ya jua, na maji yanayogeuka mvuke majanini mwake huipoza hewa.

Wanaoumia zaidi ni mama mboga wa Kibuye, wanabodaboda wanaosubiri abiria Kondele, na familia za Manyatta, Nyalenda na Obunga zinazolala chini ya mabati yasiyo na dari. Kwa familia hizi, sioni hatua ya haraka na nafuu kuliko kupaka paa rangi nyeupe, kwa kuwa paa jeupe huakisi sehemu kubwa ya miale ya jua. Jiji la Ahmedabad nchini India, lililoanzisha mpango wake wa kukabiliana na joto mwaka 2013 baada ya vifo vingi vya mwaka 2010, limefanya hivyo katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Freetown, Sierra Leone, nayo imewawekea wachuuzi vifuniko vya kivuli sokoni.

Sisi tuna ziwa, ambalo mchana hutuletea upepo wa baridi, lakini upepo huo hautatufikia iwapo majengo marefu yatapangwa bega kwa bega ufuoni, wala hewa haitapoa iwapo vinamasi kama cha Dunga vitajazwa udongo.

Naiomba serikali ya kaunti isiidhinishe mchoro wowote wa barabara, soko au kituo cha matatu usioonyesha miti itakayopandwa, nafasi ya udongo itakayoachwa wazi kuzunguka kila shina, na atakayeimwagilia miti hiyo wakati wa kiangazi. Taifa limejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Kwa upande wetu, tuhesabu iliyo hai baada ya miaka mitatu, wala si miche iliyotiwa ardhini siku ya sherehe.

Msomaji wako,
Nyalenda, Kisumu